Ellicott City: alama za maji ziko chini, mafuriko yanatoka juu

Ukishuka Main Street ya Ellicott City, jimbo la Maryland kule Marekani, mpaka mwisho kabisa pale mtaa unapopita chini ya daraja la reli, utakuta alama zinazoonyesha maji yalifika wapi na mwaka gani. Ya 1868 iko juu mno, lazima uinue shingo. Ya 1972 iko chini yake. Kila mgeni anasimama pale, anapiga picha, anashangaa, halafu anageuka kuutazama mto Patapsco ambao uko palepale jirani umetulia unapita zake. Mi mwenyewe mara ya kwanza nilifanya hivyohivyo, nikautazama ule mto nikasema moyoni kumbe adui ndo huyu.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba nilikuwa natazama upande siyo. Mafuriko mawili yaliyouvunja ule mji miaka ya karibuni, ya Julai 30, 2016 na ya Mei 27, 2018, hayakuanzia Patapsco. Yalitoka mgongoni. Yalishuka kutoka vilimani, yakaufanya mtaa kuwa mto, yakapita na magari na vioo vya maduka na lami yenyewe, ndo yakaenda kumwagika Patapsco. Kwa hiyo kuna mafuriko ya aina mbili pale, ya kutoka chini na ya kutoka juu. Ya 1972, wakati wa kimbunga Agnes, yalitoka chini, mto ulijaa ukapanda mtaani. Ya 1868 nayo ni ya mto, ila yale yalikuja ghafla mno, yakaua watu wanaokadiriwa kufika 40, ndo maana alama yake iko kule juu. Sasa mji uliokuwa umeshazoea kuuogopa mto ulioko mbele yake ukaja kupigwa kutoka nyuma, mara mbili ndani ya miezi 22.

Nimeianza kwenye hizi alama kwa sababu naona ubishi wote wa Ellicott City umekaa kama yule mgeni anayepiga picha. Watu wamegombana miaka kuhusu Main Street, nini kibomolewe, nini kibaki, nani arudi, nani asirudi, wakati Main Street ndo mahali maji yanapoishia. Yanapoanzia ni kwingine, kwa watu wengine, na hao hawaamki asubuhi wakakuta tope sebuleni.

Turudi 2016. Ilikuwa Jumamosi jioni, watu wako migahawani, magari yamepaki kando ya mtaa kama wikendi yoyote. Ndani ya masaa kama mawili ikashuka karibu inchi 6 za mvua, tuseme milimita 150, na jumla ya jioni ile ikafika inchi 6.6. Ukisoma namba kama hiyo inapita tu masikioni, kwa hiyo tuihesabu kwa bati na ndoo kama tunavyohesabu nyumbani. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la nyumba ya kawaida la mita za mraba 100 likipigwa na milimita 150 linamwaga lita 15,000, simtanki tatu za lita elfu tano, paa moja tu hilo. Sasa bonde lote linalopeleka maji Main Street, wanaliita Tiber-Hudson, lina kama kilomita za mraba 9.6. Piga mwenyewe. Ni kama lita bilioni 1.4 zimedondoka kwenye vilima vile ndani ya muda wa mechi ya mpira na mapumziko yake. Siyo zote zilifika mjini, nyingine zilinywewa na udongo na kubaki kwenye majani, ila hata ukichukua nusu tu na kuipitisha kwenye mtaa mmoja mwembamba wenye majengo ya mawe pande zote mbili, hapo huongelei maji ya kuvuka na viatu mkononi. Unaongelea kitu kinachobeba gari. Watu wawili walikufa usiku ule, na kuna video ilizunguka dunia nzima ya wanaume walioshikana mikono kama mnyororo kumtoa mama mmoja kwenye gari lililokuwa linasombwa. Walifanikiwa. Mi kila nikiiangalia ile video nawaangalia miguu yao, maana maji yalikuwa yanawatafutia pa kuwaangushia, na hakuna hata mmoja aliyeachia.

2018 ilikuwa Jumapili mchana, wikendi ya Memorial Day, sikukuu ya Wamarekani ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa. Hapa ndo panauma zaidi, kwa sababu maduka mengi yalikuwa yameshafunguliwa tena, watu wamechukua mikopo, wamepaka rangi, wamebadilisha sakafu, wamerudisha ile saa kubwa ya mtaani iliyosombwa 2016. Sehemu nyingine za eneo lile zilipata zaidi ya inchi 8 kwa masaa machache tu, milimita 200 na kitu. Kwa kulinganisha, Dodoma mwaka mzima inapata kama milimita 550 hadi 600, kwa hiyo chukua zaidi ya theluthi moja ya mvua ya mwaka ya Dodoma uimwage mchana mmoja. Patapsco wenyewe, kwa kupokea maji yaliyokuwa yanashuka kila upande, ulipanda futi 17.8 ndani ya masaa mawili, zaidi ya mita tano. Kajengo ka mawe ka mahakama ya kwanza ya pale, ka miaka ya 1840, kakaondoka. Ile saa ikasombwa tena. Na alikufa mwanajeshi mmoja wa National Guard, jeshi la akiba la kule, ambaye hakuwa hata na duka pale, alitoka kwenda kumsaidia mama mmoja aliyekuwa anamhangaikia paka wake, maji yakamchukua.

Sasa kwa nini pale? Mji umekaa kama bakuli lenye upande mmoja uliopasuka. Kuna vijito vinne, Tiber, Hudson, New Cut na Autumn Hill, vyote vinatoka juu kwenye vilima na vyote vinakutana mjini. Vilima vyenyewe vina mteremko mkali na chini yake ni mwamba wa granaiti, udongo ni wa juujuu, ukishashiba maji hauna pa kuyapeleka. Halafu kuna kitu ambacho kwa mtu asiyefika pale ni vigumu kukiamini: kijito kinapita chini ya majengo. Siyo kando yake, chini yake. Unaweza ukawa umekaa unakunywa kahawa na mto unapita chini ya sakafu, umebanwa na kuta za mawe zilizojengwa na watu waliokufa zamani sana. Siku za kawaida unakuwa na raha hata kuusikia. Siku ya mvua kubwa ule mfereji unajaa, unaziba na magogo na vyuma na kila kilichosombwa, na maji yakikosa njia ya chini yanachukua ya juu, na njia ya juu ni Main Street. Mwisho wa yote kule chini kuna tuta la reli, na maji yote yanatakiwa yapenye kwenye matundu machache chini ya reli ndo yafike Patapsco. Funeli, ile ya kujazia mafuta ya taa kwenye kibatari, ndo umbo lenyewe.

Kuna watu wanauliza, hivi waliojenga pale walikuwa wanafikiria nini. Mi hilo swali nalikataa kabisa, kwa sababu walijua vizuri tu wanachofanya. Mwaka 1772 ndugu watatu wa ukoo wa Ellicott, John, Andrew na Joseph, Wakristo wa Kikweka kutoka Pennsylvania, walifika pale kutafuta maji yanayoanguka kwa nguvu. Walikuwa wanataka kuendesha vinu vya kusaga ngano, na kinu cha maji bila mteremko ni jiwe tu. Wakawashawishi wakulima wa pande zile waachane na tumbaku walime ngano, na mji ukaitwa Ellicott's Mills, yaani vinu vya akina Ellicott. Kwa hiyo kile kinachoua leo ndo kilichokuwa kinalisha jana, mteremko uleule na nguvu ileile ya maji.

Halafu ikaja reli. Kampuni ya Baltimore and Ohio ilipoanza kujenga reli kutoka Baltimore, kituo chake cha kwanza cha mwisho wa safari kilikuwa hapo, maili 13, na Mei 1830 abiria wakaanza kwenda kwa mabehewa yanayovutwa na farasi. Agosti mwaka huohuo kichwa kidogo cha mvuke cha Peter Cooper, kilichoitwa Tom Thumb, kikafika Ellicott's Mills kikivuta watu, na stori ya kushindana na farasi njiani wakati wa kurudi Wamarekani wanaisimulia mpaka leo. Jengo la stesheni lililokamilika 1831 bado limesimama na ndo stesheni ya reli kongwe kuliko zote zilizobaki Marekani, siku hizi ni makumbusho, na treni za mizigo bado zinapita ubavuni. Na reli ilifuata mto kwa sababu ileile inayofanya reli zote za zamani zifuate mito, treni haipendi kupanda, inatafuta mahali ambapo maji yameshachonga njia. Wajerumani walipopitisha reli ya kati Kilosa kando ya mto Mkondoa walikuwa na hesabu hiyohiyo kichwani. Mto unakupa njia rahisi halafu baadaye unakuja kukudai.

Nitoke nje ya mada kidogo, kwa sababu kuna mtu wa pale anastahili kutajwa na sisi Waafrika hatumtaji vya kutosha. Benjamin Banneker, mtu mweusi huru aliyezaliwa 1731 maeneo hayohayo, alikuwa jirani wa akina Ellicott, akaazima vitabu na vifaa vya kuangalia nyota kutoka kwa George Ellicott, akajifundisha mwenyewe mpaka akawa anakokotoa kupatwa kwa jua na kuchapisha almanaka yake, na 1791 akashiriki kupima mipaka ya eneo la mji mkuu, Washington, chini ya Andrew Ellicott, siyo yule mwanzilishi bali mtoto wa Joseph. Mwaka huohuo akamwandikia barua Thomas Jefferson kuhusu utumwa, barua ya mtu asiyeogopa. Ule mji unapobomoka siyo kumbukumbu za wazungu wenye vinu tu zinazokwenda na maji, ndo maana nikisikia mtu anasema waufunge tu huo mji waondoke naona hajui anaongelea nini.

Basi mji haukukosea kukaa pale, kilichobadilika ni mambo mawili na yote yamekuja baadaye, moja liko juu ya vilima na lingine liko angani. Na watu wamegawanyika kambi mbili, kila kambi imeshika lake kama vile lingine halipo.

Kambi ya kwanza inasema ni ujenzi. Tangu miaka ya baada ya vita kuu ya pili vile vilima vimejaa nyumba, apatimenti, maduka makubwa, viwanja vya kupaki magari, barabara kuu ya 40 na ya 29. Mvua iliyokuwa inaangukia majani inaangukia lami, na lami haina kiu. Maryland ilitunga sheria ya kudhibiti maji ya mvua kwenye miradi ya ujenzi mwaka 1982, kwa hiyo kila kilichojengwa kabla ya hapo kilijengwa bila mtu kuulizwa maji ya paa lako yataenda wapi. Kambi ya pili inasema hapana, ni hali ya hewa, mvua kama zile hata ungeacha msitu mtupu bado mji ungezama, na wanakukumbusha 1868 hakukuwa na supamaketi wala lami.

Ukweli ni kwamba wote wako sawa na ndo maana ubishi hauishi. Mvua ya milimita 150 kwa masaa mawili kwenye mteremko mkali wenye mwamba chini, hata ungekuwa na miti mikubwa namna gani, udongo haumezi hivyo haraka. Na hewa ikipanda joto kwa digrii moja ya Selsiasi inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, kwa hiyo wingu linalokuja leo limebeba zaidi ya lile la babu. Hapo kambi ya pili inashinda. Lakini lami inafanya kitu kingine ambacho hiyo kambi haipendi kukisikia: inafanya maji yafike haraka. Kwenye mafuriko ya ghafla haraka ndo kila kitu. Maji yaleyale yakifika kwa masaa sita ni usumbufu, yakifika kwa dakika arobaini ni msiba. Na mvua ndogo ambazo zamani zingeishia kwenye majani sasa zinakuwa tatizo, zinakula kingo za vijito kidogokidogo kila mwaka, zinaangusha miti ndani ya mfereji, na siku ile kubwa ikifika hiyo miti ndo inayokwenda kuziba kalavati.

Halafu kuna lile neno, mvua ya miaka elfu. Baada ya 2016 wataalamu wa hali ya hewa walisema kiwango kile ni cha mara moja kwa miaka 1,000, na watu wa kawaida wakasikia kwamba basi, imeshapita, wajukuu wa wajukuu zetu ndo watakutana nayo. Maana yake siyo hiyo hata kidogo. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi moja kati ya elfu, na mwaka unaofuata unaanza upya na nafasi ileile, kama kurusha dadu ambalo halikumbuki limeangukaje jana. Na hiyo hesabu yenyewe inategemea rekodi za zamani, wakati anga lilikuwa lingine. Mi naamini hilo neno limeumiza watu. Mtu mwenye duka anakwenda benki kukopa ajenge tena, kichwani ana miaka elfu, anapewa miezi 22.

Sasa tufike kwenye siasa maana hapa ndo kiini chenyewe. Ellicott City haina meya. Haina baraza. Ni makao makuu ya Howard County, moja ya kaunti tajiri kuliko zote Marekani, lakini kisheria siyo mji unaojitawala, maamuzi yake yote yanafanywa na kaunti. Kwa hiyo mwenye duka la pale chini na mwenye nyumba ya vyumba vitano kule juu kilimani wanampigia kura mkuu wa kaunti mmoja, na wa kule juu na wa kaunti nzima ni wengi mno kuliko wa bondeni. Yule wa juu maji yakitoka kwenye uwanja wake yameshatoka, hayamhusu tena. Yule wa chini anapokea ya wote. Bili inakwenda kwa aliyekaa chini, siyo kwa aliyeyaachia.

Na Maryland walishajaribu kulirekebisha hilo. Mwaka 2012 jimbo lilitunga sheria ya kuzitaka kaunti kubwa zitoze ada kulingana na eneo lako lisilopitisha maji, paa na lami, ili hela ijenge mabwawa na mitaro. Kwa maoni yangu ilikuwa moja ya sheria za haki kabisa, unalipia maji unayomtupia jirani. Wapinzani wakaibatiza kodi ya mvua. Likaisha. Jina lile peke yake liliua mjadala, maana nani atakubali kulipia mvua ya Mungu, na Larry Hogan alipogombea ugavana 2014 aliipiga hiyo kodi kila mkutano, akashinda, na 2015 ulazima wake ukafutwa. Mwaka mmoja baadaye Main Street ikasombwa. Sisemi ada ile ingezuia 2016, hapana, muda ulikuwa mfupi mno na mvua ilikuwa kubwa mno. Nasema tu ukitaka kujua kwa nini mabwawa hayakuwepo, tafuta jibu kwenye jina la ile kodi.

Baada ya 2018 ndo ukaja ugomvi wa kubomoa. Mkuu wa kaunti wa wakati ule, Allan Kittleman, alileta mpango wa dola milioni 50 kwa miaka mitano ambao ungebomoa majengo kama kumi ya chini ya Main Street ili mto upate nafasi. Kukawaka moto. Watu wa kuhifadhi majengo ya kale wakasema unauokoa mji kwa kuuua, wenye majengo wengine wakasema mi nimechoka, nilipeni niondoke, ndugu wa damu wakawa hawasalimiani. Novemba 2018 Kittleman akashindwa uchaguzi na Calvin Ball, mtu mweusi wa kwanza kuongoza ile kaunti, na Mei 2019 Ball akachagua mpango mwingine: majengo manne tu yabomolewe, kalavati za pale chini ya reli zipanuliwe, mabwawa ya kuzuia maji yajengwe kule juu, na lichimbwe handaki refu ndani ya mwamba wa granaiti kupeleka maji moja kwa moja Patapsco bila kupita mtaani. Gharama ikapanda mpaka kati ya dola milioni 113 na 140 kwa makadirio ya wakati ule.

Handaki lenyewe kwenye michoro ni la kipenyo cha futi 18, mita tano na nusu, urefu kama maili moja, likiwa na uwezo wa kumeza galoni 26,000 kwa sekunde, karibu lita laki moja. Kila sekunde. Serikali kuu kupitia shirika lake la mazingira ilikubali kukopesha dola milioni 75. Ni kazi ya heshima na siwezi kuwabeza, wangeamua kufanya nusunusu wangefanya.

Kuhusu yale manne yaliyopangwa kubomolewa mi niko upande wa kubomoa. Najua inauma. Lakini jengo lililokaa juu ya mto ni kizibo, na siku ya mafuriko linaanguka kwa namna yake lenyewe na kumwangukia aliyeko chini. Kuna wanaosema historia haina bei, sawa, ila stesheni ya 1831 inasimama pale mwisho wa mtaa, na kila kinachoziba njia ya maji hapo karibu kinaihatarisha na yenyewe. Ukitaka stesheni ibaki, mto upewe mlango.

Wasiwasi wangu uko kwenye handaki, siyo kwamba halitafanya kazi bali kwamba litafanya kazi vizuri sana. Watu wakishaona mvua tatu nne kubwa zimepita na Main Street ni kavu, wale wa kule juu watasema si tuna handaki, tupeni vibali. Hili limetokea kwenye kingo za mito mikubwa duniani, unajenga ukuta kumkinga mtu, ukuta unawaita watu wengine kumi waje kukaa nyuma yake, na siku maji yakizidi ukuta una wahanga kumi na moja. Julai 2018 baraza la kaunti lilisimamisha ujenzi mpya ndani ya bonde la Tiber kwa mwaka mmoja, na baadaye kanuni zikakazwa, mradi mpya wa ndani ya bonde unatakiwa uonyeshe unavyodhibiti mvua ya kiwango cha 2016, siyo mvua za vitabuni. Hiyo kanuni kwangu mi ina thamani kuliko handaki, na haikugharimu mamilioni. Lakini kanuni haina uzinduzi, hakuna utepe wa kukata, na ni rahisi sana kulegezwa kikao kimoja cha jioni ambacho watu wa bondeni hawakuhudhuria kwa sababu walikuwa wanafunga duka.

Nikisoma haya yote siwezi kuacha kufikiria Mai Mahiu. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yalishuka kwenye kijiji cha Kamuchiri pale Kenya yakaua watu zaidi ya 50. Mwanzoni kila mtu alisema bwawa limepasuka. Baadaye serikali ikaeleza kwamba halikuwa bwawa, ni tundu la maji chini ya tuta la reli ya zamani kule juu Kijabe, liliziba na takataka na magogo, maji yakajikusanya nyuma ya tuta mpaka tuta likashindwa. Hakuna aliyejenga bwawa pale, reli iligeuka bwawa yenyewe. Na Kilosa, Desemba 2009 na Januari 2010, Mkondoa uling'oa reli na kuwatoa maelfu ya watu majumbani mwao, na miaka yote hii ya baadaye habari ya bwawa la Kidete kule juu imekuwa ikirudi na kuondoka. SGR mpya imepita maeneo hayo kwa mahandaki na matuta marefu, reli imejiokoa, vizuri. Ila tuta jipya nalo ni tuta. Nani anakagua kalavati zake kila kabla ya masika, anatoa magogo, anajua kila tundu linapokea maji ya kilima gani na juu ya hicho kilima kuna nini siku hizi, shamba au msitu au mabati? Wenzetu wana hela za kuchimba handaki la futi 18. Sisi tuna koleo na kalenda, na kwa tundu lililoziba koleo linatosha kama limefika Februari.

Siku hizi ukitembea Main Street utaona vibao vinavyoonyesha njia ya kukimbilia sehemu ya juu, ngazi na vichochoro nyuma ya majengo ambavyo zamani vilikuwa vimefungwa, na kuna ving'ora vilivyofungwa 2019. Majengo mengi mgongo wake ni mwamba wenyewe wa kilima, kwa hiyo mtu aliyenaswa ndani hana pa kutokea isipokuwa mbele, na mbele ndo kuna maji, ndo maana hizo njia zina maana kubwa. Mara ya mwisho nilikuwa pale kulikuwa na manyunyu tu, hata koti halihitajiki. Dada wa duka la vitabu alikuwa ananipigia hesabu, na katikati ya kuhesabu chenji akasimama, akaenda mlangoni. Hakugeuka kushoto kuutazama mto. Alitazama juu, kule mtaa unakotoka, akakaa hivyo kidogo, akarudi kunimalizia chenji yangu.